Kwa Nini Sipandi Boti Ile

Wiki iliyopita nilikuwa Kibirizi, mwalo wa boti pale Kigoma, na binti wa kaka yangu, tunasubiri usafiri wa kwenda Kagunga. Boti ilikuwapo. Imefungwa kamba ufukweni, injini nzima, abiria wameshaanza kupanga magunia. Kijana wa nauli akaniita kabisa: "Mama, nafasi mbili hizi hapa mbele, njooni mkae." Nikamwambia asante baba, sisi tunasubiri nyingine. Tukaenda kukaa chini ya mwembe. Saa moja ikapita, ya pili ikaingia, jua linapanda, mtoto ananitazama tu. Mwisho akashindwa.

"Shangazi, ile boti ina nini?"

Nikamwambia boti haina kitu. Mwenye boti ndiye nina neno naye.

Mambo yenyewe ni ya mwaka 2015, mwaka wa kipindupindu cha Kagunga, mtoto huyu alikuwa mdogo hajaanza hata chekechea. Nikamsimulia pale pale chini ya mwembe, na usiku niliporudia maneno yangu kichwani nikaona heri niyaandike. Huku kwetu, mazungumzo ya mwaka ule yakianza, watu huyafunga kwa sentensi moja: "Ilikuwa shida, Mungu akatuvusha." Alituvusha kweli, sina ubishi. Lakini alituvusha kwa mikono ya watu, na mikono ile naijua. Na iliyokuwa ikituzamisha naijua vilevile.

Kwa asiyefika Kagunga: ukitoka Kibirizi unapanda na Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Msitu wa Gombe unakupita mkono wa kulia, nyani wamekaa mchangani kama wazee wa baraza, kisha unaendelea mpaka karibu na mpaka wa Burundi. Kijiji kimebanwa kati ya maji na mlima. Mlima umesimama kama ukuta nyuma ya nyumba, na barabara ya gari wakati ule haikuwapo; unaingia kwa maji au unashuka mlima kwa miguu. Soko lake lilikuwa la kupendeza. Warundi wanakuja na maharage na mawese, sisi tunapeleka chumvi, sabuni na kanga, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, bei hupatana bila mkalimani. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na vichanja vinne vya kuanikia dagaa karibu na maji. Mimi nilikuwa nachukua mzigo kwake mara mbili kwa mwezi, nauza soko la Mwanga, mwingine unapanda treni kwenda Tabora.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule Burundi ikachafuka, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kupitishwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakaanza kuingia Kagunga usiku, kwa mitumbwi na kwa njia ya mlimani. Familia mbili, kisha kumi, kisha hakuna tena wa kuhesabu. Mimi nilifika katikati ya Mei kuchukua dagaa wangu, nimeaga nyumbani siku mbili. Ufukwe wote ulikuwa watu. Walikadiriwa kufika hadi 50,000, kwenye kijiji ambacho vyoo vyake ungeweza kuvitaja kwa majina ya wenyewe. Walilala mchangani, chini ya nyavu, chini ya mitumbwi iliyopinduliwa. Uani kwa shangazi nilikuta watu kumi na mmoja, na mtoto mchanga amelazwa kwenye beseni la dagaa.

Nauli ya boti ya kurudi Kigoma, niliyokuja nayo kwa elfu nne, ilikuwa imepanda mpaka elfu ishirini. Nikakwama.

Kipindupindu hakiingii kwa kishindo. Hakina homa ya kukutetemesha, hakina maumivu ya kukufanya upige kelele. Mtu anaenda kichakani mara ya kwanza, anarudi. Anaenda mara ya pili, anarudi ameshika ukuta. Ya tatu harudi, mnamfuata. Kinachomtoka hakina tena rangi ya choo, ni kama maji uliyooshea mchele. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja, kwa hiyo uliyemwacha asubuhi anachambua maharage, mchana humtambui: macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua, sauti imekwenda. Ukimfinya ngozi ya tumbo na kuiachia, inabaki imesimama pale pale, hairudi. Hilo la ngozi nililiona kwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwili wa mvuvi. Mama yake alikuwa anaisawazisha ile ngozi kwa kiganja, taratibu, kama anayenyoosha shuka.

Siku yangu ya nne pale niliamka kabla hakujapambazuka, nikashuka majini kuangalia kama kuna boti. Nikawaona vijana wawili wa huyu mwenye boti. Wameingia maji ya magoti, pale pale ambapo usiku kucha watu walikuwa wanachuchumaa kwa kukosa pa kwenda. Wanajaza madumu ya njano ya lita ishirini. Mmoja, mwembamba, alikuwa anapangua uchafu wa juu kwa kiganja, anausogeza pembeni, ndipo analaza dumu ili mdomo uchote palipotakata. Alifanya kwa uangalifu mkubwa. Huo uangalifu ndio ulionikaa rohoni.

Jua lilipotoka, madumu yale yakatokea upande wa pili wa nyavu na jina jipya: maji ya kijito, ya mlimani. Elfu moja dumu. Jioni yake elfu mbili. Mwenyewe amesimama anapokea. Asiye na shilingi anatoa faranga, asiye na faranga anatoa alichobeba. Nilimwona mama mmoja anafungua kitenge alichombebea mwanawe, anamhamishia mtoto kiunoni, anamkabidhi kitenge. Yule bwana akakisugua kitambaa kwa vidole viwili, anapima kama ni chenyewe au cha bandia. Akaridhika, akatikisa kichwa, mama akapewa dumu.

Sikusema neno. Sababu naiandika hapa kwa kuwa niliahidi kuandika yote: alikuwa ameniahidi nafasi kwenye boti yake kwa nauli ya nusu, ya kujuana. Nilinyamaza siku nzima na usiku wake. Uani kwetu kulikuwa na msichana wa miaka saba aliyekunywa maji yale. Usiku ule ndio alianza kuhara.

Asubuhi nilimwambia shangazi. Hakunigombeza. Aliweka sufuria chini, akafunga kanga vizuri, akashuka mpaka kwenye madumu, akasimama mbele yao na kupaza sauti kwa Kiha ili kila Mrundi asikie: maji haya yamechotwa ufukweni, mwanangu ameona kwa macho yake, msiyanywe. Bwana akamtukana, akasema mwanamke huyu ana wivu wa biashara, akasema wakimbizi ndio waliotuletea ugonjwa sasa wanatetewa na wenyeji wajinga. Akamwambia yule kijana mwembamba amwondoe bibi. Kijana akasimama. Akaambiwa mara ya pili, akabaki amesimama, mikono imelegea. Ndipo yule mwenziwe akaja akamsukuma shangazi, akaanguka mchangani kwa goti.

Watu wakamuuliza jambo la haki kabisa: mama, tukiacha haya tunywe nini? Tuchemshe kwa kuni gani? Ilikuwa kweli. Upande ule wa mlima kuni zilikuwa zimekwisha mpaka mizizi.

Shangazi akarudi nyumbani anachechemea, akachukua panga, akaanza kukata kichanja cha kwanza.

Asiyefanya kazi ya dagaa anaweza asielewe. Kichanja ni miti na nguvu za mwaka mzima. Bila kichanja dagaa wanaanikwa chini, wanakula mchanga, bei inakufa. Vile vinne ndivyo vilivyomsomesha mwanawe na kumjengea nyumba ya bati. Alikata kimoja siku ile, kesho yake cha pili, na vyote vinne viliishia chini ya pipa la kuchemshia mawese, lililokuwa limejaa maji toka alfajiri mpaka giza. Alisimama na upawa, kila mtu anakuja na chombo chake. "Amazi, mama," wanasema. Anawajazia. Maji yalinuka moshi na mawese, na yalikuwa salama.

Kulikuwa na kijana mwingine, muuguzi, naye mkimbizi aliyevuka kutoka upande wa Makamba. Alikuwa na kijiko kimoja cha chai amekivaa shingoni kwa uzi. Alikuwa anapita mti hadi mti na chupa ya lita moja, anaonyesha kina mama: vijiko sita vya sukari, na kila kijiko anakifuta kwa kidole kiwe sawasawa, nusu kijiko cha chumvi, lita ya maji yaliyochemshwa. Kisha onja. Isizidi chumvi ya machozi, alisema. Mtoto akitapika subiri kidogo, anza tena kijiko kijiko, "buhoro buhoro". Alikaa na yule msichana wa uani kwetu usiku mzima, kijiko kwa kijiko, na kulipokucha akakojoa. Sijawahi kuona watu wakifurahia mkojo namna ile. Muuguzi alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka na machozi yakamtoka.

Na sukari ilitoka kwa mwenye duka mmoja pale kijijini, mtu mkali, mchoyo wa maneno, ambaye siku za kawaida huwezi kumkopa hata kiberiti. Wiki ile yote sukari yake haikupanda hata shilingi. Hakutoa hotuba, hakugawa bure. Aliiuza bei ile ile ya mwezi uliopita mpaka gunia la mwisho, akafunga duka.

Wapo pia waliofunga vyoo vyao kwa kufuli. Wapo wakimbizi wenyewe waliojikusanyia pakiti za dawa ya maji zilizoletwa za bure, wakaziuza kwa ndugu zao. Siwasemi sana, uovu wao wote ulikuwa na sura moja. Mema ndiyo yalikuwa na sura nyingi, na karibu yote yalikuwa kazi: kuchota, kuchemsha, kuosha, kuchimba, kumgeuza mgonjwa.

Mimi nilishikwa siku ya saba. Nakumbuka mwanzo wake na mwisho wake. Katikati hamna kitu. Nakumbuka honi ya Liemba. Watu wanaipenda Liemba kwa ukongwe wake, meli ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa Waingereza, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi majini mwaka 1927. Mimi naipenda kwa siku zile. Ilikuwa inachukua watu kama 600 kwa safari, Kagunga hadi Kigoma, inarudi tena. Ila haikuweza kusogea ufukweni, ilikuwa inasimama kwenye maji marefu, kwa hiyo kila mtu alipelekwa kwa mtumbwi au boti ndogo, kisha anapandishwa.

Mgonjwa wa kipindupindu hakuna anayetaka kumbeba. Amelowa, ananuka, na ugonjwa wenyewe umo kwenye kile kilichomlowesha. Shangazi alikuwa ananikokota kwenye kanga, yeye na goti lake. Akaja mtu akaniinua kama gunia, akaniweka begani, akaingia majini mpaka kifuani. Kichwa changu kilining'inia mgongoni kwake. Aliponilaza kwenye mtumbwi niliona uso. Ni yule mwembamba, wa madumu. Alikuwa ameacha kazi kwa bosi wake siku ile ile shangazi alipoanguka, na tangu hapo alikuwa anabeba wagonjwa kutoka ufukweni mpaka kwenye mitumbwi, bila malipo, siku ya tatu sasa. Mabega yamechubuka. Akanifunika miguu, akarudi kumchukua mwingine.

Kigoma wenye afya walikuwa wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka pale mabasi yanawapeleka kambi ya Nyarugusu. Sisi wagonjwa tuliingizwa kwenye mahema. Kitanda kina tundu katikati, chini yake ndoo, na ndoo ina alama, kwa sababu kinachotoka lazima kipimwe ili kirudishwe. Walinitundikia dripu, chupa kwa chupa, nilihesabu nane kabla ya kuchoka. Mlangoni kuna beseni la klorini la kukanyaga, na harufu ile mpaka leo nikiisikia hospitali natulia. Siku ya tatu niliomba ugali.

Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wamefika 3,000, na kila siku walikuwa wanaongezeka kati ya 300 na 400. Waliokufa walikuwa 31: wakimbizi 29, Watanzania wawili. Hesabu hiyo nimekaa nayo miaka yote. Watu hupenda kusema ugonjwa hauchagui. Ule ulichagua. Ulichagua asiye na choo, asiye na sufuria, aliyelipa kitenge akapewa mavi ndani ya dumu. Mgonjwa akipata maji yake mapema, wanaokufa hawafiki hata mmoja katika mia. Asipopata, nusu yao wanaweza kwenda. Kati ya hapo na pale hakuna dawa ya ajabu, kuna ndoo, kijiko na mtu aliyekubali kukaa macho.

Mwaka mmoja baadaye nilikutana na yule bwana hapa hapa Kibirizi. Akaniuliza mbona simsalimii siku hizi. Nikamwambia sababu yote, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mama, kila mtu alikuwa anatafuta riziki. Na hao niliowavusha kwa boti yangu huwahesabu?"

Nawahesabu. Alivusha mamia, kwa bei ya kuwakamua lakini aliwavusha, na wamo waliosalimika kwa kuwa walitoka ufukwe ule mapema. Silifuti hilo. Nilisubiri tu aongeze neno moja, hata kwa kunong'ona, juu ya maji. Hakuongeza. Baadaye alichangia mabati ya nyumba ya ibada, siku hizi akija mkutanoni anapewa kiti cha mbele, na watu wananiambia niyaache, yameshapita, sote ni wahanga wa siku zile, sote tulipona. Tulipona sote, ndiyo. Yeye amepona, mimi nimepona, yule mama wa kitenge sikumwona tena. Siku ya nne mimi na yeye tulikuwa upande mmoja, yeye akiuza na mimi nikinyamaza, na naijua vizuri njia ya kutoka pale ilivyo fupi. Ni hatua kama hamsini, kutoka ufukweni mpaka uani kwa shangazi. Hajaitembea.

Haya yote nilimwambia mtoto, isipokuwa neno "mavi", hilo nimeliandika hapa kwa watu wazima. Alisikiliza anachora mchangani kwa kijiti. Akauliza kama shangazi mkubwa aliwahi kujenga vichanja vingine. Nikamwambia alijenga viwili, cha tatu na cha nne nguvu zilikwisha, na utaviona mwenyewe leo.

Boti tuliyokuwa tunaingoja ikaingia yapata saa sita. Ni ndogo kuliko ile nyingine, imepakwa rangi ya bluu kwa mkono. Mwenyewe akashuka majini na suruali yake, amekunja mpaka magotini, amenenepa sasa na ndevu zimeanza mvi. "Shikamoo mama," akasema, akanipokea gunia la chumvi, akalitupia begani lile lile. Kisha akampa mtoto mkono apande.

Tulikuwa tumeshapita Gombe mtoto aliposikia kiu. Nyuma karibu na injini kulikuwa na dumu la njano lenye kifuniko, na kikombe cha bati kimefungwa kwenye mshikio kwa kamba. Akakitazama, akanitazama mimi. Kabla sijasema kitu, mwenye boti yetu akapunguza injini, akafungua kifuniko.

"Yamechemshwa," akamwambia. "Jana usiku. Nimechemsha mwenyewe."

Mtoto akanyoosha mkono, akapokea kikombe.